Ufundi na Ukweli

Katika lugha yetu neno fundi halikai peke yake. Limezungukwa na jamaa zake: kufunda, kufundisha, funzo, mafunzo, mwanafunzi. Mwari hufundwa na kungwi wake. Mtoto hufunzwa na mamaye, na asipofunzwa naye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hiyo mtu anayeitwa fundi, awe mwashi, seremala, fundi cherehani au fundi wa redio, amepewa jina la heshima linalombebesha mizigo miwili: mzigo wa kujua, na mzigo wa kuwajulisha wengine. Makala haya yanakusudia kuuchungua mzigo huo wa pili, ambao aghalabu husahauliwa. Swali lenyewe ni hili: mtu anapokabidhiwa chombo cha nyumbani kilichoharibika, mathalani friji, pasi, redio au jiko, je, deni lake kwa mwenye chombo ni kukifanya kifanye kazi tu, au anadaiwa pia ukweli juu ya kile kilichokiharibu?

Wengi watajibu upesi kwamba swali hili halina uzito. Watasema: mimi nataka pasi yangu ipate moto na nguo zangu zinyooke, habari za ndani ya pasi namwachia fundi. Jibu hilo lina mantiki yake, wala silibezi. Hata hivyo nitajaribu kuonyesha kwamba haliwezi kusimama; kwamba katika kazi ya kutengeneza, ukweli si pambo linaloongezwa baada ya kazi kwisha, bali ndio kazi yenyewe. Tena nitaonyesha kwamba deni hilo halimwelemei fundi peke yake. Mwenye chombo naye ni mdaiwa, na mimi binafsi nimewahi kuwa mdaiwa mbaya.

Kabla ya kuhukumu, hatuna budi kuelewa jinsi hitilafu inavyotafutwa. Tuchukue chombo kilicho rahisi, yaani pasi ya umeme. Mwenye nyumba anaichomeka, anangoja, haipati moto. Anachokiona yeye ni kimoja tu: pasi ni baridi. Lakini ubaridi huo waweza kuwa na wazazi wengi. Huenda soketi ya ukutani haina umeme. Huenda fyuzi iliyomo katika plagi imeungua. Huenda waya umekatika ndani kwa ndani, hasa pale shingoni unapoingia katika mpini, mahali unapopindwa kila siku, ilhali ngozi yake ya nje imebaki nzima isionyeshe jeraha lolote. Huenda themostati, yaani kile kidude kinachokata na kurudisha umeme ili joto lisizidi, imeshikwa na kutu. Na huenda koili yenyewe imekatika. Dalili ni moja, sababu ni tano, na kila sababu ina dawa yake na gharama yake. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kabisa. Koili ikikatika, pengine ni nafuu kununua pasi nyingine.

Fundi anayeijua kazi yake hafungui skrubu hata moja kabla ya kuhakikisha yaliyo nje. Kwanza huchomeka taa katika soketi ile ile aone kama itawaka, kwani mara nyingine kosa halimo ndani ya chombo kamwe. Wakazi wa Unguja waliokaa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, wanalijua vyema jambo hilo: friji zao zilikuwa salama, na hitilafu ilikuwa mbali, katika njia iletayo umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Baada ya soketi huja kipimo. Pasi ya wati 1,000 katika umeme wa volti 230, ambao ndio utumikao Tanzania, huvuta mkondo wa ampea 4 na ushei, na ukinzani wa koili yake ni takriban omu 53. Basi fundi akiichomoa pasi, akaifungua themostati kwa kuizungusha, akaunganisha mita yake kwenye pini mbili za plagi zinazopitisha mkondo, na mita isionyeshe njia yoyote, anajua kwamba mahali fulani njia imekatika. Akiihamisha mita hadi kwenye ncha za koili na kusoma omu 53, koili imetoka hatiani. Washukiwa waliobaki ni fyuzi, waya na themostati. Kipimo kingine kitawapunguza tena, mpaka abaki mmoja. Hivyo ndivyo afanyavyo mzee mwadilifu barazani: hamtii mtu hatiani kwa sababu majirani wananong'ona, bali husikiliza shahidi mmoja baada ya mwingine, na kila shahidi humwondoa mtu mmoja katika shaka.

Kinyume cha mwenendo huo lugha yetu hukiita kupiga ramli. Fundi wa ramli huanza na jibu. Huitazama pasi, husema "Koili hiyo," huibadilisha. Isipowaka hubadilisha themostati. Isipowaka hubadilisha waya, na hapo ikawaka. Twaweza kuuliza: amekosa nini, ikiwa mwishowe pasi imepata moto? Amekosa mambo mawili. Kwanza, mwenye pasi amelipia viungo vitatu ambavyo viwili kati yake havikuwa vigonjwa. Pili, na hili ndilo kubwa, yeye mwenyewe hajui kilichotokea. Kesho akiletewa pasi nyingine iliyo baridi, ataanza tena na koili. Amefanya kazi, lakini kazi haikumfunza kitu. Na fundi ambaye kazi haimfunzi amebaki na jina tu.

Kuna jambo baya zaidi ya kubahatisha, nalo ni kuinyamazisha dalili. Mfano wake mkubwa ni fyuzi. Plagi ya pini tatu bapa, iliyowekwa katika viwango vya Uingereza mwaka 1947 na ambayo hutumika Tanzania, Kenya na Uganda, ina fyuzi yake ndani, aghalabu ya ampea 3 kwa vyombo vidogo au ampea 13 kwa vyombo vikubwa. Fyuzi si kitu ila uzi mwembamba wa madini uliofanywa dhaifu kwa makusudi. Mkondo ukizidi kipimo, uzi ule huyeyuka na kuikata njia kabla nyaya zenyewe hazijapata moto. Ni mlinzi aliyekubali kufa ili nyumba ipone. Na kufa kwake ni habari, maana anatuambia kwamba humo ndani mna jambo. Sasa yuko mtu ambaye fyuzi ikiungua mara mbili, huitoa na kuweka mahali pake kipande cha waya mnene wa shaba, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Chombo kinafanya kazi. Hakikatiki tena. Mwenye nyumba anashukuru na kulipa.

Hebu tulipime tendo hilo kwa kipimo cha wale waliosema kuwa wanachotaka ni chombo kifanye kazi tu. Kwa kipimo hicho huyu ni fundi hodari. Lakini ukweli ni kwamba amemzika mlinzi na kumficha mwenye nyumba habari za kifo chake. Sababu iliyoiunguza fyuzi bado imo, nayo inaendelea na shughuli zake. Mkondo unaozidi unapita katika nyaya za ukutani, nyaya zinapata joto, na watu wamelala juu ya vitanda vyao wakidhani kuwa wanalindwa. Siku nyumba itakapowaka, watu watasema ni shoti ya umeme, kama kwamba shoti ni mvua au radi inayotoka kwa Mungu. La hasha! Ni uongo uliosemwa miezi kadhaa nyuma, pasipo mdomo kufunguliwa. Kwa hiyo kipimo cha "kinafanya kazi" hakitoshi. Chombo chaweza kufanya kazi na papo hapo kikawa kimeharibiwa zaidi kuliko kilivyokuwa kabla ya kutengenezwa.

Mpaka hapa nimesema juu ya fundi. Sasa nitatoa ushuhuda wangu mwenyewe, maana si haki kuwahukumu watu wa kazi ngumu huku mimi nimejikalia kando.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliishi Tanga kwa shangazi yangu, mjane aliyekuwa akiuza barafu na maji ya ukwaju mlangoni pake. Friji yake ndiyo iliyokuwa shamba lake; humo zilitoka karo, sare na sabuni. Siku moja friji ikaacha kugandisha. Akaitwa fundi mmoja wa jirani, kijana mchangamfu, akaweka sikio kwenye mashine, akasikia inanguruma, akasema, "Gesi imekwisha, mama." Akajaza gesi, akalipwa, friji ikagandisha. Baada ya majuma kadhaa ikaacha tena. "Gesi imekwisha, mama." Akajaza tena. Mara ya tatu shangazi aliuza bangili yake ili aweze kumlipa.

Msomaji asiyejua mambo ya friji hana budi kuelezwa hapa kwa nini maneno hayo yalikuwa kweli kwa sauti na uongo kwa maana. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika kibatari. Kompresa huibana ikapata joto. Hupita katika mabomba ya nyuma, ikatoa joto lake nje na kuwa maji. Hupenya katika kijibomba chembamba sana. Kisha hufika katika friza, ambako hugeuka tena kuwa mvuke na kulivuta joto la vitu vilivyomo. Halafu hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya. Njia yote imefungwa. Gesi huzunguka kama damu mwilini, na friji njema yaweza kukaa miaka mingi bila kuongezewa hata kidogo. Ikiwa imepungua, basi pana tundu. Kumwambia mtu kwamba gesi yake imekwisha, bila kulitafuta tundu, ni sawa na mganga anayemwongezea majeruhi damu bila kulifunga jeraha, kisha akamdai malipo kila damu inapopungua.

Mara ya nne shangazi alimwita mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza friji tangu ujana wake. Mzee huyu hakugusa mashine. Aliomba kigoda, akaketi, akauliza: "Mama, ilianza lini? Na kabla haijaanza, kulitokea nini?" Shangazi akafikiri, akajibu kuwa halikutokea lolote. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, kijana wa miaka 13, nikisikia kila neno. Nilijua. Majuma machache kabla ya ugonjwa ule kuanza, barafu ilikuwa imenenepa ndani ya friza, nami kwa uvivu wa kungoja iyeyuke nilichukua kisu cha jikoni nikaibandua. Kisu kiliteleza, nikasikia mlio mdogo kama wa nyoka, kisha kimya. Friji iliendelea kunguruma, nami nikajiambia kuwa hakuna kitu. Asubuhi ile mzee alipouliza, nilinyamaza.

Mzee akaanza kazi. Aliagiza friji izimwe na barafu yote iyeyuke. Akakoroga povu la sabuni, akalipaka kwa brashi kwenye kila kiungo cha mabomba ya nyuma, akitazama kama povu litavimba. Palikuwa na kutu nyingi, kwa kuwa hewa ya bahari ina chumvi nayo haiyaachi mabomba ya mtu wa pwani. Kila doa la kutu likabidi lipakwe na kungojewa. Saa zikapita. Adhuhuri ilikuwa imekaribia alipoingiza brashi ndani ya friza, na pale ukutani, katika mkwaruzo ulionyooka, povu likavimba likawa kama punje ya mtama. Tundu lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Mzee akaupitisha ukucha wake juu ya mkwaruzo, akageuka akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, ungeniambia asubuhi, shangazi yako asingenilipa kutwa."

Shangazi hakusema neno. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndimi niliyekuwa nguoni mwake. Fundi wa kwanza alikuwa na kosa lake, nalo ni kuuza gesi badala ya kutafuta sababu. Lakini ukweli uliokuwa ukitafutwa kwa sabuni na brashi ulikuwa umesimama mlangoni tangu siku ya kwanza, una miguu na ulimi. Bangili ile niliiuza mimi.

Mzee akaliziba tundu, akabadilisha kichujio, akaitoa hewa yote iliyokuwa imeingia katika mabomba, kisha ndipo alipojaza gesi. Alipomaliza alimwambia shangazi maneno ambayo sijayasahau: "Hiki ni kiraka, mama, sikuapii. Chaweza kukaa miaka, chaweza kukaa miezi. Kikifunguka, usikubali kujaziwa gesi tena; hapo utakuwa umefika wakati wa friza mpya." Ndivyo alivyomaliza kazi yake: kwa kusema alichokijua, alichokifanya, na mahali ujuzi wake ulipokomea.

Kutokana na mfano huo naona madeni matatu. La kwanza ni deni la mwenye chombo kwa fundi. Anayejua historia ya chombo ni yule anayekaa nacho. Kilianguka? Kiliingia maji? Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo? Nani alikifungua kabla? Mara nyingi tunaficha mambo haya kwa aibu, au kwa hofu ya kutozwa zaidi, au kwa kumjaribu fundi tuone kama atajua mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika friji kama katika mwili, kinachofichwa kwa mganga hulipiwa na mgonjwa.

La pili ni deni la fundi kwa mwenye chombo. Mwenye chombo haoni ndani, na hata kikifunguliwa mbele yake haelewi anachokiona. Pale ambapo mmoja anajua na mwingine hajui, makubaliano ya bei peke yake hayawezi kuwa haki, maana mnunuzi hajui anachonunua. Chombo kilichofunguliwa ni amana, na amana haitunzwi kwa mikono tu. Fundi anadaiwa kutaja kilichoharibika, kilichokiharibu, na pia lile neno zito kuliko yote katika kazi yake, yaani "sijui". Fundi asemaye "Hili sijalijua bado, nipe siku mbili" hajaupunguza ufundi wake, bali amechora mpaka kati ya ujuzi wake na ramli.

La tatu ni deni la wote wawili kwa wale wasiokuwapo. Nyumba ikishika moto kwa sababu ya fyuzi ya uongo, moto hauulizi jirani alikubaliana nini na fundi. Gesi nayo ikivuja haikai ndani ya ua wetu. Friji za zamani zilitumia gesi iitwayo R-12, ambayo iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Ndiyo maana mwaka 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi za namna hiyo. Iliyoshika mahali pake, R-134a, haiharibu ozoni, lakini ikifika angani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Na ilikuwa Kigali, mwezi Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo pia. Friji nyingi mpya hutumia R-600a, ambayo madhara yake angani ni madogo, ila hushika moto. Kiasi chake ndani ya friji ni kidogo, aghalabu hakizidi gramu 150, lakini chatosha kumuunguza fundi anayesogeza moto wa kuchomelea bila kusoma kibandiko cha mashine. Kwa hiyo kujaza gesi juu ya tundu si kumpunja mwenye friji tu. Ni kulimwagia anga letu sote.

Najua patatokea pingamizi, nazo zastahili kujibiwa. La kwanza litasema: huo ni usemi wa mtu aliyeshiba. Fundi wa mtaani ana watoto. Akisema "sijui" mteja anakwenda kwa fundi wa pili atakayesema "najua". Pingamizi hili ni zito, kwa sababu linatugeuzia kidole sisi wateja. Tujiulize jinsi tunavyolipa. Tunakubali kulipia kipuri tunachokiona kwa macho, lakini fundi akitumia kutwa nzima kutafuta sababu, akaikuta ni uzi wa waya uliolegea, akaukaza kwa bisibisi, tunasema, "Hiyo tu! Na unataka fedha?" Tunalipia chuma, hatulipii maarifa. Basi fundi naye hujifunza kuyaficha maarifa ndani ya chuma: hubadilisha kipuri kizima ili apate njia ya kudai ujira wa kutwa yake. Uongo huo tunaushona pamoja, yeye akishika sindano na sisi tukishika uzi. Dawa yake ni kupatana tangu mwanzo ujira wa kuchunguza, hata kama uchunguzi utaishia katika skrubu moja, au katika jibu kwamba chombo hiki hakifai tena kugharimiwa.

Pingamizi la pili litasema kwamba katika nchi zetu vipuri huadimika, na fundi hulazimika kuungaunga. Je, huko si kudanganya? Naona si kudanganya. Wale waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi vitu vilivyoadimika Tanzania, na jinsi betri za redio zilivyoanikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu. Kutengeneza viatu kwa matairi, vibatari kwa makopo, na majiko kwa mapipa ni sehemu ya utamaduni wetu ambayo hatuna sababu ya kuionea haya. Ukipita Gerezani mjini Dar es Salaam, au kwa mafundi wa jua kali kule Nairobi, utaona akili inayostahili heshima. Tofauti haipo kati ya kiraka na kipuri kipya, bali kati ya kiraka kilichotajwa na kiraka kilichofichwa. Mzee wa Tanga aliweka kiraka na kukitaja jina. Yule wa waya wa shaba aliweka kiraka na kukiita fyuzi.

Pingamizi la tatu linamwelekea mtengenezaji wa kiwandani. Fundi atasemaje ukweli juu ya chombo kilichogundishwa kwa gundi ili kisifunguliwe, chenye skrubu ambazo bisibisi yake hazijui? Hili nalo ni kweli, tena lina historia. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za taa yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus, na mojawapo ya mapatano yake lilikuwa kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa balbu za kudumu zaidi ya hapo zilikuwa zikitengenezwa. Huo ulikuwa uharibifu uliopangwa kabla ya chombo kutoka kiwandani. Katika miaka ya karibuni Umoja wa Ulaya umeanza kuwawajibisha watengenezaji: tangu mwaka 2021 wanatakiwa kuhakikisha kwamba vipuri vya friji vinapatikana kwa miaka isiyopungua 7 na vya mashine za kufulia kwa miaka isiyopungua 10, na mwaka 2024 ilipitishwa sheria ya kukuza haki ya kutengenezewa. Yatufaa kuyatazama mambo hayo kwa makini, kwa kuwa vyombo vingi vinavyofika bandarini kwetu, vipya na vikuukuu, vimetengenezwa na watu ambao hawatamwona kamwe fundi wa Tanga. Hata hivyo kosa la mtengenezaji halifuti deni la fundi, bali humwongezea habari moja ya kumwambia mteja: kwamba chombo hiki kiliundwa kisitengenezeke.

Kwa nini basi nayaandika haya katika kitabu cha utamaduni? Kwa sababu tumezoea kudhani kwamba utamaduni ni ngoma, mashairi, mavazi na methali, na kwamba bisibisi na koleo ni mambo ya viwanda. Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba shule zilizorithiwa ziliwafanya vijana waamini kuwa maarifa yanayostahili hupatikana vitabuni tu. Baadaye, mwaka 1973, likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoleta VETA. Hatua hizo ni njema. Lakini chuo chaweza kumfundisha kijana kusoma mita. Hakiwezi peke yake kumfundisha kumwambia mjane kuwa tatizo lake ni tundu na si gesi. Hilo hujifunza mahali pengine. Kijana anayemshikia fundi tochi hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi mkono unavyofanya kazi, na jinsi mdomo unavyosema na mwenye chombo. Akimwona fundi wake akitaja sababu, atataja. Akimwona akipiga ramli, atapiga ramli. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta: methali hii kila mtoto wa shule anaijua. Lakini mtu haubandiki udongo mahali asipopaona. Hana budi kwanza kuukubali ufa, kuutafuta ulipoanzia, na kumwonyesha mwenzake. Kuuziba ni kazi ya mwisho, tena ndiyo nyepesi. Basi siku chombo chako kitakapoharibika, ndugu msomaji, mweleze fundi yote uyajuayo, hata yale yanayokuaibisha. Na kabla hujalipa, muulize kwa adabu: kilichoharibika ni nini, kilichokiharibu ni nini, na lipi ambalo bado hulijui? Akikujibu yote matatu, mlipe ujira wake wote, na umwite fundi.